Huo si mchezo wangu

Najua niliahidi sehemu ya pili ya makala yangu kuhusu kuweka Linux kwenye laptopu kuukuu, na kuna wawili watatu ambao hamchoki kunikumbusha. Itakuja. Leo nina jambo jingine, na nisipoliandika litaendelea kunizunguka kichwani kama programu iliyokwama.

Jambo lenyewe ni kupakua michezo ya chesi uliyocheza mtandaoni na kuiingiza kwenye programu ya hifadhidata ili uichambue. Nitaeleza namna ya kufanya, maana wengi huniuliza. Nitaeleza pia jinsi nilivyofanya kila hatua kwa uangalifu, nikapata jibu lisilo sahihi, na mtoto akakosa safari kwa sababu yangu.

Kazi inayoniletea unga ni kuandika programu, nyingi zikiwa za maduka ya pembejeo na vyama vya akiba hapa Kitale. Jumamosi alasiri hushuka Kipsongo kufundisha chesi. Kwa msioijua, Kipsongo ni mtaa wa mabanda pembezoni mwa mji, na wakazi wake wengi ni Waturkana, familia zilizosukumwa huku na ukame na wizi wa mifugo. Wazee pale hucheza bao kwenye mashimo waliyochimba ardhini, kwa kasi inayonifanya nione haya kuitwa mwalimu. Watoto ndio waliotaka chesi.

Vifaa vyetu ni seti mbili za kete. Moja ilipoteza farasi mweusi, na mahali pake pamekaliwa na kizibo cha soda. Kuna simu pia. Simu ni ya Mama Mboga ambaye mwanawe ni mmoja wa wachezaji, naye hutuachia kuanzia saa kumi jioni hadi saa moja. Watoto ni sita. Tuliandika ratiba kwenye karatasi, kila mtoto nusu saa, tukaibandika ukutani. Na wote sita walicheza kwa jina moja la mtumiaji, kwa kuwa kila akaunti ilitaka barua pepe yake na mimi sikutaka kuhangaika kufungua barua pepe sita. Uvivu huo uwekeni kando, tutaurudia.

Kwa nini nipakue? Nina kidonda cha zamani. Mwaka 2005 nilikuwa kijana wa kushinda saiba, nikilipa shilingi moja kwa dakika na kucheza chesi kwenye Yahoo. Hiyo ilikuwa kabla ya nyaya za chini ya bahari kufika Mombasa mwaka 2009. Intaneti ilitujia kwa setilaiti, unasogeza kete halafu unasubiri kama unasubiri ugali uive. Nilicheza mamia ya michezo. Yahoo ilifunga huduma yake ya michezo mwaka 2016 na sina hata mmoja leo. Tangu hapo chochote kilicho changu kwenye seva ya mtu mwingine nakitafutia nakala.

Na nakala ya mchezo wa chesi ni kitu chepesi mno. Mwaka 1993 Steven J. Edwards alipendekeza muundo unaoitwa PGN, na mpaka leo karibu kila programu ya chesi duniani inausoma. Ni maandishi matupu. Lifungue faili la PGN kwa Notepad utaona kila kitu. Juu kuna tagi, na saba kati yake ndizo za msingi: Event, Site, Date, Round, White, Black na Result. Chini yake zinafuata hatua za mchezo, kisha matokeo: 1-0 mweupe ameshinda, 0-1 mweusi ameshinda, 1/2-1/2 sare. Basi.

Ni kwa sababu ya muundo huu kwamba mtoto wa Kipsongo anaweza kuona michezo ya Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala, aliyoicheza kwenye Olimpiadi ya chesi ya 2010 kule Khanty-Mansiysk na ya 2012 kule Istanbul. Filamu ya Queen of Katwe ya 2016 wameitazama wote, na Lupita Nyong'o wanamjua kuliko wanavyomjua mbunge wao. Lakini filamu haikuonyeshi alisogeza nini katika hatua ya 23. PGN inakuonyesha.

Haya, tuje kwenye kazi yenyewe.

Akaunti yetu kuu iko Lichess, tovuti aliyoianzisha Mfaransa Thibault Duplessis mwaka 2010. Ni programu huria, haina matangazo na haina malipo. Unaweza kupakua michezo kwa kubofya kwenye ukurasa wa mchezaji, lakini mimi hutumia anwani ya moja kwa moja: lichess.org/api/games/user/ halafu jina la mtumiaji. Mwishoni ongeza clocks=true ili upate saa ya kila hatua, na opening=true ili upate jina la ufunguzi. Ukiongeza evals=true utapata pia tathmini ya injini, ila kwa michezo ile tu iliyokwisha kuchambuliwa na seva yao. Usiyeingia kwa akaunti hupewa michezo 20 kwa sekunde. Sisi tulikuwa na 1,400 hivi, kwa hiyo ilichukua dakika moja na kitu, na faili zima halikufika megabaiti tano. Bando la siku linatosha na chenji ya kutazama mpira inabaki.

Miezi ya mwanzo tulikuwa Chess.com. Huko anwani ni api.chess.com/pub/player/ kisha jina, kisha games, mwaka, mwezi na pgn, yaani unapakua mwezi mmoja mmoja. Inafanya kazi vizuri, ila usichanganye alama za kiwango za tovuti hizi mbili. Alama 1,400 za huku si 1,400 za kule, na ukizijumlisha upate wastani utapata namba isiyo na maana yoyote.

Hifadhidata ninayotumia ni SCID, iliyoanzishwa na Shane Hudson. Kuna ChessBase ya Wajerumani, nzuri sana, lakini ni ya kulipia. SCID ni huria na inaenda bila kelele kwenye laptopu yangu ambayo kibodi yake imekosa herufi mbili. Unaingiza PGN, inatengeneza hifadhidata yake, na kutoka hapo unauliza maswali. Nani ameshinda mara ngapi kwa mweupe? Nani anapoteza akichezewa ufunguzi wa Sicilian? Ukitaka injini, unaunganisha Stockfish, ambayo nayo ni huria na haihitaji intaneti ikishaingia kwenye mashine.

Mtego mmoja, niuseme kabla sijasahau. Nilipakua Lichess mara mbili, Oktoba na Januari, kwa hiyo michezo mingi ilijirudia. SCID ina zana ya kutafuta mapacha na kuwafuta. Nikaiendesha, ikanifutia na michezo ambayo haikuwa pacha. Sababu? Watoto wetu wanapenda mno mati ya hatua nne. Wakimpata mpinzani anayeingia mtegoni wanamwomba marudio, naye anaingia tena palepale. Majina yaleyale, siku ileile, hatua zilezile, lakini ni michezo miwili halali. Kinachoitofautisha ni tagi ya Site, ambayo Lichess huijaza anwani ya mchezo husika yenye herufi nane za kipekee mwishoni. Kwa Chess.com anwani hiyo iko kwenye tagi ya Link. Waambie mapacha walinganishwe kwa hiyo. Nashukuru SCID haifuti papo hapo. Inaweka alama tu mpaka uamuru hifadhidata ibanwe.

Sasa kuhusu Bungoma.

Januari 2024 tulisikia kuna mashindano ya vijana Bungoma, siku mbili za wikendi. Hela niliyokuwa nayo ilitosha ada, nauli na chakula cha watoto wawili na mimi. Wawili kati ya sita. Mnajua shida ya kuchagua wawili kati ya sita mahali ambapo wazazi wote wanafahamiana? Nikasema mimi ni mtu wa kompyuta, sitachagua kwa sura. Data itachagua.

Lakini michezo yote ilikuwa chini ya jina moja. Hapo ndipo nilipojiona mjanja. Ratiba iko ukutani, na faili lina tagi ya UTCTime inayosema kila mchezo ulianza saa ngapi. Basi nikaandika skripti fupi ya Python, kwa maktaba ya python-chess ya Niklas Fiekas, isome saa, iangalie ratiba, na kubadilisha jina la akaunti kwenye White au Black kuwa namba ya mtoto. Mtoto wa 1, mtoto wa 2, mpaka wa 6.

Nilipoiendesha mara ya kwanza, karibu michezo yote ilikosa mwenyewe. Nilikuwa nimesahau kwamba UTC iko nyuma yetu kwa saa tatu. Saa kumi jioni kwetu, ambayo simu inaandika 16:00, kwenye faili ni 13:00. Nikagundua kitu kilichonichekesha peke yangu usiku ule: sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili hatuna haja ya kujumlisha tatu kisha kutoa sita. Toa tatu tu. Kumi na tatu ya UTC ni saa kumi, kumi na tano ni saa kumi na mbili. Nikasahihisha mstari mmoja, michezo ikapata wenyewe, na nikajiona fundi kwelikweli. Nadhani kuipata ile hitilafu ndiko kulikonipumbaza. Ukishakamata kosa moja unaona kama umeyamaliza yote.

Matokeo yalikuwa wazi. Wavulana wawili walikuwa juu kabisa. Chini kabisa, mbali na wenzake, alikuwa mtoto wa 5, binti wa miaka kumi na mbili ambaye nusu saa yake ilianzia saa kumi na mbili jioni. Alishinda chini ya theluthi moja ya michezo yake. Ilinishangaza kidogo, kwa sababu ubaoni Jumamosi alikuwa akinisumbua hata mimi. Nikajiambia labda mtandaoni anaogopa. Ona jinsi mtu anavyoweza kutunga sababu ya namba. Nikawaandikisha wavulana wawili na kulipa ada.

Jumamosi iliyofuata nikabeba laptopu. Nilitaka, kwa nia njema kabisa, kumwonyesha binti yule anapokosea ili ajiandae kwa safari nyingine. Nikafungua mchezo mmoja wa mtoto wa 5, alioshindwa vibaya.

"Hapa," nikamwambia, "mbona uliacha ngome iliwe bure?"

Akautazama ubao kwenye kioo muda kidogo. "Mwalimu, huo si mchezo wangu."

"Ni wa saa yako. Alhamisi, saa kumi na mbili na dakika kumi."

"Alhamisi naenda kuchota maji. Saa yangu inachezwa na ndugu yangu."

Ndugu yake alikuwa amekaa pembeni. Alikuwa mmoja wa wale wawili wa Bungoma. Akaanza kuchunguza kidole chake cha mguu.

Nikafungua mwingine. Huu akautambua mara moja, hata kabla sijausogeza mbele. "Huu ndio wangu. Nilikuwa na ngome zaidi."

"Lakini umeandikwa umeshindwa kwa muda."

"Simu ilichukuliwa. Kuna mtu alikuwa analipia sukuma kwa M-Pesa."

Watoto wote wakacheka, kwa sababu lilikuwa jambo linalojulikana na kila mtu isipokuwa mimi. Mteja akija, Mama Mboga huitaka simu yake aone ujumbe wa malipo umeingia. Na wateja huja lini? Watu wakitoka kazini. Saa kumi na mbili jioni. Ikifika kumi na mbili na nusu anaanza kufunga meza.

Halafu binti akaenda kwao, akarudi na daftari la Kasuku. Humo mlikuwa na michezo 61, yote kwa mkono wake, kila mmoja na tarehe. Nilikuwa nimewafundisha wote kuandika michezo, lakini nilidhani hakuna aliyeendelea baada ya wiki ya pili.

Niliomba daftari kwa siku nne, nikaketi nalo usiku.

Hapa lazima nieleze maandishi yetu. PGN hutumia herufi za Kiingereza: K ni mfalme, Q malkia, R ngome, B askofu, na farasi amepewa N kwa kuwa K ilikwisha kuchukuliwa. Nilipoanza kufundisha nilitaka herufi za Kiswahili, nikagonga mwamba uleule: mfalme na malkia wote ni M. Tukamwita mfalme kwa jina lake la zamani la sataranji, shaha, akapata S. Malkia M, ngome N, askofu A, farasi F. Watoto walilipenda. Lakini tazameni hatari: N ya daftari ni ngome, N ya PGN ni farasi. Ukibadilisha F kuwa N kwanza, kisha N kuwa R, farasi wako wote wanageuka ngome. Ukianza na upande wa pili inaenda sawa, lakini msiamini mpangilio. Badilisha zote kwa mpigo mmoja, herufi kwa herufi. Python-chess inakataa hatua isiyo halali, kwa hiyo palipokuwa na kosa la mwandiko nilijua papo hapo. Michezo minne tu ndiyo iliyokwama, na mitatu kati yake kosa lilikuwa langu la kuchapa.

Kisha nikaitafuta michezo hiyo kwenye hifadhidata kwa kulinganisha hatua. Mingi haikuwa chini ya mtoto wa 5 hata kidogo. Siku za Jumanne alikuwa akicheza saa kumi, kwa kubadilishana na mwenzake anayechelewa kutoka shule. Ushindi wake wa Jumanne niliuweka kwa mvulana mwingine, na vipigo vya ndugu yake vya Alhamisi nikamvisha yeye.

Iliyobaki, ile iliyokuwa yake kweli na akaandikwa kashindwa, nikaiangalia saa. Nilikuwa nimepakua na clocks=true tangu mwanzo, lakini sikuwahi kuitazama. Kila hatua kwenye faili la Lichess inafuatwa na alama ya %clk inayoonyesha muda uliobaki baada ya hatua hiyo. Ukitaka kujua mchezaji alifikiri kwa muda gani, chukua muda wa hatua yake iliyopita, toa wa hatua hii, kisha jumlisha sekunde za nyongeza kama zipo. Na kuna tagi ya Termination, inayosema mchezo ulivyokwisha. Ikiandikwa Time forfeit, mtu husema: ah, huyu anafikiri polepole, hana mpangilio wa muda. Lakini Lichess huandika maneno hayohayo hata pale mchezaji anapopotea mtandaoni na mpinzani akadai ushindi. Kwa hiyo angalia %clk ya mwisho. Mtu mzito wa kufikiri anakata roho akiwa na sekunde mbili, moja. Binti huyu alikuwa "akiishiwa" na muda akiwa na dakika nne na sekunde kumi na mbili. Akiwa na dakika sita. Akiwa na malkia zaidi na mpinzani amebakiwa na mfalme na askari wawili. Mchezo baada ya mchezo, saa inakatika ghafla katikati, na kama ungeweka kando yake orodha ya malipo ya M-Pesa ya siku ile nadhani ungeona bei ya sukuma wiki.

Nilipoondoa hiyo na kurudisha ya Jumanne mahali pake, alikuwa wa kwanza. Si kwa tofauti ndogo.

Hapa ndipo msomaji anatarajia niseme nilipiga simu Bungoma, wakaongeza jina, tukaenda watatu tukiimba. Nilipiga. Usajili ulikuwa umefungwa. Ningeweza kuomba jina moja libadilishwe, yaani nimwondoe ndugu yake, ambaye hakunidanganya kitu, hakuna aliyemuuliza. Mvulana alikuwa ameshaazima viatu. Nilizunguka na jambo hilo siku mbili, na mwisho sikumwondoa. Sijui hata leo kama niliogopa kumuumiza au niliogopa kusimama mbele ya watu na kusema nimekosea.

Tulikwenda wavulana wawili na mimi, matatu ya asubuhi kupitia Kiminini, Kamukuywa, Misikhu hadi Webuye, kisha Bungoma. Walicheza kama watoto wanaoona saa ya chesi kwa mara ya kwanza, maana ndiyo ilikuwa mara ya kwanza. Mmoja alipata alama mbili na nusu kati ya sita, ndugu yake binti akapata mbili. Walifurahi sana, hasa na soda.

Binti hakuja Jumamosi mbili. Mama Mboga ndiye aliyeniita, akipanga nyanya, bila hata kuinua kichwa.

"Mwalimu, si mimi ndiye nilikuwa nachukua hiyo simu? Mbona hukuniuliza?"

Sikuwa na jibu. Meza yake iko hatua kumi kutoka kwenye ukuta wenye ratiba. Nilipakua data kutoka ng'ambo lakini sikuvuka hatua kumi.

Basi nimebadilisha mambo, na haya ndiyo ningemshauri yeyote anayefundisha watoto kwa simu moja. Kila mtoto sasa ana akaunti yake. Barua pepe sita zilinichukua alasiri moja tu. Tovuti hizi zimejengwa juu ya dhana kwamba jina moja ni mtu mmoja, na hesabu yote ya alama za kiwango inasimama hapo. Lakini hata hivyo mtu hucheza kwenye akaunti ya mwenzake bila kujua, kwa hiyo mchezo ukiisha tunaandika kwenye daftari la kikundi zile herufi nane za mwisho wa anwani, na kando yake herufi ya aliyecheza. Simu ikichukuliwa tunaandika "simu". Skripti yangu siku hizi haisomi saa kabisa. Inasoma daftari, niliyolichapa kuwa jedwali, inaitafuta anwani kwenye Site, ndipo inaweka jina. Mchezo usio kwenye daftari unabaki bila mwenyewe, na nauacha hivyo. Michezo ya "simu" ina hifadhidata yake ya pembeni, kwa sababu hatua zake bado zinafaa kuchambuliwa hata kama matokeo hayana maana. Na kuanzia saa kumi na mbili hadi na nusu hakuna anayecheza mtandaoni. Ni muda wa mafumbo ubaoni, kizibo cha soda kikiwa farasi.

Binti alirudi Jumamosi ya tatu. Hakutaka kuzungumzia Bungoma. Aliuliza kama michezo ile 61 bado iko kwenye kompyuta yangu, nikamwambia ipo, pamoja na majina sahihi. Akasema anataka faili lake mwenyewe, lisilo na la mtu mwingine. Nikamtolea PGN yake peke yake, haikufika hata kilobaiti 80, nikaiweka kwenye memori kadi ya zamani niliyokuwa nayo mfukoni. Nikamkumbusha kwamba hana simu ya kuitia.

"Najua," akasema.

Akaomba selotepu, akaibandika kadi ndani ya jalada la nyuma la daftari, akaandika tarehe juu yake, kisha akaniuliza ni lini tena kuna mashindano.